Miti kando ya mto haizuii udongo wa shamba lililo mlimani

Mvua za Novemba zikishika, Mto Luiche wa Kigoma hugeuka rangi ya matofali mpaka inapoingia Ziwa Tanganyika, na ushauri huwa ule ule: wakulima wapande miti kando ya mto, maji yatatakata. Nimechoka kuusikia, kwa sababu unamtwisha mkulima kazi ya mwisho na kumwachia ile ya kwanza bila msaada.

Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inalinda mita 60 kutoka ukingoni, nami naiunga mkono kabisa. Lakini maji ya shambani hayafiki mtoni yakiwa yametandaa kama shuka. Yanakuja yamekusanyika: kwenye njia ya miguu inayoshuka wima, kwenye mfereji wa barabara, katikati ya matuta yaliyolimwa kufuata mteremko. Mkondo wa namna hiyo hupenya kati ya mikaratusi bila kupunguza mwendo, tena chini ya mikaratusi mara nyingi ardhi ni tupu. Kinachopunguza mwendo wa maji ni mashina mengi yaliyobanana usawa wa ardhi, yaani majani ya aina ya nyasi. Ukitaka miti, iweke karibu na maji. Upande wa shamba otesha majani mazito.

Kazi yenyewe iko juu. Mkulima anayeshusha matuta wima ana sababu: jembe linakwenda kirahisi, na maharage hayasimami kwenye maji. Asibezwe. Aonyeshwe tuta la kontua, yaani linalokingama mteremko kwa usawa mmoja, lisilotuamisha maji, na hapo ndipo wengi wanaharibu, maana wanapima kwa macho. Macho hudanganya mlimani.

Tengeneza kipimo cha A: fito mbili za mita 2 zilizofungwa juu, miguu ikiachana mita 2, ufito wa kukingama katikati, na kamba yenye jiwe inayoning'inia kutoka kileleni hadi chini ya ule wa kukingama. Simamisha miguu juu ya vigingi viwili, weka alama kamba inapogusa ufito wa kukingama. Geuza, mguu wa kulia uende kushoto, weka alama ya pili. Katikati ya alama hizo ndipo usawa ulipo. Kisha tembeza kipimo kukingama mteremko, ukipiga kigingi kila mguu unapokaa kamba ikiwa hapo katikati. Usipime wakati wa upepo. Jiwe likiyumba, mstari wote unapotea. Ukimaliza kupiga vigingi, simama mbali uutazame mstari, kisha usogeze kigingi kimoja kimoja kilichojitenga.

Anza juu ya shamba, si chini. Tuta la chini likijengwa kwanza hupokea maji ya mlima mzima, hukatika mahali palipobonyea, na tuta moja likikatika yote ya chini yake yanafuata. Ndiyo maana mifereji kati ya matuta ifungwe kwa vizuizi vya udongo kila baada ya mita 2 au 3, vifupi kuliko tuta lenyewe. Mvua ikizidi, maji yavuke kizuizi na kuendelea pembeni, yasipasue tuta.

Kwa fanya juu, yaani tuta linalojengwa upande wa juu wa mtaro wake, chimba mtaro wa sentimita 60 kwa 60, udongo utupwe upande wa juu, uache ukingo wa sentimita 20 hivi ili usirudi mtaroni. Shamba likishuka mita 1 kwa kila mita 10, mitaro iachane mita 10. Likishuka mita 1 kwa kila mita 4, iachane mita 4. Juu ya tuta panda majani ya gwatemala mistari miwili, mashina yapishane. Mlima ukiwa mkali zaidi ya hapo, mimi sichimbi: mtaro uliojaa maji unaweza kuangusha udongo wote. Hapo ni kahawa au michikichi, na ardhi ifunikwe.

Mbolea kwa kifupi. Fosfeti ya DAP hushikamana na udongo, hivyo ukizuia udongo umeizuia kwa sehemu kubwa. Naitrojeni ya urea haishikiki hivyo. Huyeyuka na kupita. Mfuko wa kilo 50 una kilo 23 za naitrojeni, na ukiurusha juu ya ardhi wingu likiwa limetanda, unaumwaga. Gawa mara mbili, fukia sentimita 5.

Sitaahidi maji meupe. Majani hukamata mchanga. Ule mfinyanzi laini unaofunika mawe ya pwani ya ziwa, ambako samaki hula mwani, hupita kwa wingi. Barabara na njia nazo hutoa udongo mwingi usio wa mkulima, na mitaro humlia mkulima sehemu ya shamba huku faida ikienda kwa wa chini. Anastahili kusaidiwa nguvu kazi na mashina ya gwatemala.

Mwenye jembe moja na siku chache aanzie pale maji ya njia yanapoingilia shamba lake. Achimbe mtaro wa kuyageuza, ushuke sentimita 1 kwa kila mita 2: funga kipande cha mti cha sentimita 1 chini ya mguu mmoja wa kipimo, na mguu huo utangulie upande maji yanakokwenda. Mwisho wa mtaro uwe penye majani yaliyoshika tayari, na jirani wa upande huo aafiki kabla jembe halijagusa ardhi.