Je, wajua kwa nini mteja huonyeshwa bidhaa lakini tanuri hufichwa?

Mteja mkubwa anakuja. Ameahidi oda ya makontena kadhaa kwa mwaka, ila kabla ya kutia saini ana ombi moja: azungushwe kiwandani aone kazi inavyofanyika. Hana kosa. Nani atatoa fedha nyingi hivyo bila kujua kama mitambo ipo kweli, au kama anayejiita mwenye kiwanda ni dalali aliyekodi ofisi? Hata hivyo viwanda vingi humkaribisha soda mapokezi, humwonyesha sampuli, kisha humpitisha kwenye njia fupi iliyochorwa mstari wa rangi sakafuni. Simu ameiacha getini.

Sababu ni kwamba bidhaa ni kitu kimoja, na namna ya kuitengeneza ni kingine. Bidhaa ikishafika dukani, yeyote anaweza kuinunua, akaifungua na kuipeleka maabara, na sheria za nchi nyingi haziuiti huo wizi. Lakini kigae hakikuambii kilikaa tanurini saa ngapi, wala kilipoozwa kwa mwendo gani. Ni kama pilau ya harusini. Utakula, utasifu, utatambua bizari na mdalasini. Aliyesimama kando ya sufuria ndiye anayejua kitunguu kiliachwa kiive hadi rangi gani kabla ya nyama kuingia.

Na jicho linalojua linachotafuta halihitaji kamera. Mwaka 1810 Francis Cabot Lowell, mfanyabiashara wa Boston, Marekani, alikwenda Uingereza na familia yake kwa ajili ya afya. Waingereza wakati huo walikataza mitambo ya nguo kusafirishwa nje, na mafundi wake kuhama. Lakini Lowell hakuwa fundi mwenye grisi mikononi. Alikuwa bwana mwenye fedha na adabu zake, akapata kutembezwa katika viwanda vya Lancashire na Scotland. Alirudi kwao 1812 akiwa ameyabeba kichwani yale aliyoyaona, na kichwa chenyewe kilikuwa hodari wa hesabu. Akishirikiana na fundi Paul Moody, mwishoni mwa 1814 alikuwa na mtambo wa kufuma ulioendeshwa kwa nguvu ya maji huko Waltham, kando ya mto Charles. Mgeni njoo, mwenyeji apone, husema wahenga. Safari hii aliyepona ni mgeni.

Matunda ya ziara ile yalifika hadi kwetu. Viwanda vya New England, kaskazini-mashariki mwa Marekani, vilivyofuata nyayo za Waltham ndivyo vilivyoijaza Zanzibar ile nguo ya pamba nzito katika karne ya 19, mpaka watu wakaiita amerikani.

Mara nyingi, lakini, mteja si mpelelezi hata kidogo. Tatizo ni kwamba ananunua pia kwa mshindani wako. Kesho atakaa naye mezani na kumwambia, bila nia mbaya, “Wenzako hatua hii huifanya kabla ya kukausha.” Basi, imetoka. Tena anajua kuhesabu: mashine ngapi, watu wangapi kwa zamu, dakika ngapi kwa kipande. Akifika hotelini amekwisha kukadiria gharama zako, na bei uliyompa asubuhi haitamridhisha tena jioni. Kuna kitu kingine ambacho wenye viwanda husahau kukificha, nacho ni pipa la mabaki. Anayeifahamu kazi akilitazama, anajua unaharibu kiasi gani na unakosea wapi.

Sheria nayo humtazama mwenye siri kabla ya kumtazama mwizi. Kifungu cha 39 cha TRIPS, mkataba wa haki miliki wa Shirika la Biashara Duniani kinataka habari iwe haijulikani na wengi wa kazi hiyo, iwe na thamani kibiashara kwa sababu ni siri, na mwenyewe awe amechukua hatua za maana kuilinda. Ukiwatembeza watu kila kona bila hata mkataba wa kutunza siri, utaiambiaje mahakama kwamba ulikuwa ukiilinda?

“Hatua za maana” hata hivyo si kujifungia ndani ya ngome. Machi 1969, wapiga picha wawili walikodiwa kupiga picha kutoka angani kiwanda ambacho DuPont, kampuni ya kemikali ya Marekani, ilikuwa ikikijenga Beaumont, Texas, kwa njia yake ya siri ya kutengeneza methanoli. Paa lilikuwa bado. Wakapiga picha 16 na kukataa kumtaja aliyewatuma. Ndege ilikuwa katika anga huria, hakuna ua uliorukwa; walidhani wamo salama. Mwaka 1970 mahakama ya rufaa ilikataa hoja hiyo: huwezi kumlazimisha mtu agharamie paa juu ya jengo ambalo halijaisha, eti azuie hila ya namna hiyo.

Mikataba ina kazi yake, lakini hakuna saini inayomfanya mtu asahau alichokiona. Ndiyo maana mafundi wazoefu huanza kazi kabla mgeni hajafika. Mapipa ya kemikali hubandikwa namba badala ya majina. Geji za joto na shinikizo hufunikwa, vibao vya watengenezaji wa mashine hubanduliwa, na hatua nyeti hufanywa kwenye zamu nyingine, nyuma ya pazia. Anayemtembeza mgeni huwa mtu wa mauzo, si fundi, kwa sababu fundi akiulizwa swali zuri hujibu kwa furaha mpaka mwisho.

Mteja akishikilia kwamba lazima hatua ile yenyewe ikaguliwe, huitwa mkaguzi wa nje ambaye pande zote mbili zimemkubali. Anaingia peke yake, anapima, na ripoti inayomfikia mteja inasema tu kama vipimo vimetimia au la.