Kwa Nini Gereza la Guantánamo Halijafungwa Mpaka Leo?

Desemba 2024, habari ilipotufikia Lamu kwamba Mkenya aliyekamatwa Mombasa Februari 2007 amerudishwa nyumbani kutoka Guantánamo, mzee mmoja tuliyekuwa naye barazani pale Mkunguni, mbele ya Ngome, aliweka chini kikombe chake cha kahawa akanitazama. "Mwanangu, si wewe uliyetwambia jela ile Obama aliifunga?"

Ni mimi. Nililisema hilo mwaka 2009, na nikaendelea kulisema kwa miaka, kwa kuwa amri yenyewe niliiona kwenye televisheni. Tarehe 22 Januari 2009, siku mbili baada ya kuapishwa, Barack Obama alitia saini amri ya kufunga gereza lile ndani ya mwaka mmoja. Rais ndiye amiri jeshi mkuu na gereza ni la jeshi. Nani wa kumzuia? Tena sisi wa Lamu tuna sababu yetu ya kuamini hivyo. Ngome tuliyoipa mgongo siku ile ilikuwa jela tangu 1910 hadi 1984. Ilipokwisha kazi hiyo ilikabidhiwa makumbusho ya taifa, na leo mtu anapita lango lilelile walilopitishwa wafungwa akaingia kusoma kitabu. Kwetu jela ikifungwa, imefungwa.

Historia kwa ufupi. Guantánamo ni kituo cha jeshi la majini la Marekani kilichoko Kuba, kwenye ardhi iliyokodishwa tangu 1903. Tarehe 11 Januari 2002 walishushwa pale wafungwa 20 wa kwanza, walioshukiwa ugaidi baada ya mashambulizi ya Septemba 11, 2001, wamevishwa sare za rangi ya chungwa. Kwa jumla wamepita hapo wanaume wapatao 780, na wengi wao hawakushtakiwa kwa kosa lolote. Serikali ya George W. Bush ilitumai kwamba, kwa kuwa ni Kuba, majaji wa Marekani hawatakuwa na kauli huko. Mahakama ya Juu iliikatalia mwaka 2004, na tena 2008.

Sasa nirudi kwenye kosa langu, maana lina mzizi mrefu kuliko nilivyodhani. Kwanza Kiswahili chenyewe kilinipoteza. Niliposikia "kufunga jela" nilielewa kuwafungua waliomo. Obama hakusema hivyo. Jopo la serikali yake lilipitia mafaili ya wafungwa 240. Likaona wengi wao wanaweza kuhamishiwa nchi nyingine, 36 washtakiwe, na 48 wasishtakiwe wala wasiachiliwe. Mpango ulikuwa kuwahamishia baadhi yao kwenye gereza la Thomson, jimbo la Illinois. Kwa hiyo hata mpango ule ungefanikiwa kikamilifu, bado wangekuwepo watu ndani ya seli bila kesi, ila seli zingekuwa Illinois. Wanakampeni wanaotaka gereza lile lifungwe walilipinga jambo hilo tangu mwanzo, na naona walikuwa na haki: dai lao lilikuwa mtu ashtakiwe mahakamani au aachiliwe, si ahamishwe.

Lakini hata huko Illinois hawakufika. Kueleza kwa nini, tuchukue jahazi.

Nahodha ana amri juu ya kila baharia. Akisema tweka, tanga linatwekwa. Lakini kamba, maji, unga na ujira wa wachukuzi hutoka kwa tajiri, mwenye chombo. Siku moja nahodha anaamuru shehena yote ishushwe. Tajiri habishani naye. Anasema tu kwamba senti yake haitamlipa mchukuzi yeyote atakayeshusha gunia hata moja kwenye gati la nyumbani. Amri ya nahodha bado ipo, na hakuna aliyeifuta. Ila wachukuzi wamekaa chini, na chombo kimejaa vilevile.

Tajiri hapa ni Kongresi, yaani Bunge la Marekani, ambalo ndilo lenye mamlaka ya kuidhinisha matumizi. Mei 2009 Seneti ilipiga kura 90 kwa 6 kuzuia dola milioni 80 alizoomba Obama kwa kazi hiyo. Kisha Januari 2011 ikaja sheria ya bajeti ya ulinzi iliyokataza fedha zake zisitumike kumleta mfungwa yeyote wa Guantánamo kwenye ardhi ya Marekani, hata kwa kushtakiwa. Katazo hilo limekuwa likirudiwa mwaka hadi mwaka. Fedha za kuwaweka, kwa upande mwingine, hazijakatwa: gazeti la New York Times lilikadiria kwamba mwaka 2018 zilitumika zaidi ya dola milioni 540 kwa wafungwa 40.

Nahodha akabakiwa na bandari za wenzake. Kila gunia litafutiwe nchi ya kulipokea, na kila nchi ina masharti yake. Tajiri ameziba pia baadhi ya bandari, Yemen ikiwa mojawapo, na Wayemeni walikuwa wengi mle ndani. Hapa mfano wangu unaanza kudhulumu, kwa sababu gunia halina mama anayelisubiri. Mkenya yule hakushtakiwa kamwe. Bodi ya serikali ya Marekani inayopitia mafaili ya wafungwa ilisema Desemba 2021 kwamba hakuna haja ya kuendelea kumshikilia. Alitoka Desemba 2024. Miaka mitatu mizima, naye ameruhusiwa.

Ndivyo hesabu ilivyopungua, mtu mmoja mmoja: kutoka 242 hadi 41 wakati wa Obama, kutoka 40 hadi 15 wakati wa Joe Biden. Katikati yao Donald Trump aliamuru, Januari 2018, gereza libaki wazi.

Je, kampeni imesaidia? Kila tarehe 11 Januari watu huvaa sare za chungwa na vifuniko vyeusi vya kichwa, wakasimama mbele ya Ikulu ya Washington. Mwaka 2013 wafungwa zaidi ya 100 waligoma kula, na baada ya mgomo huo uhamisho uliokuwa umekwama ukaanza tena. Kufuatana kwa mambo mawili si ushahidi kwamba la kwanza limezaa la pili, na mawakili pamoja na wanadiplomasia nao walikuwa kazini. Ninachokiona ni kwamba mabango mengi yalielekezwa kwa nahodha, ilhali mkoba ulikuwa kwa tajiri, upande wa pili wa mji.

Januari 2025 Wayemeni 11 walipelekwa Oman, nchi ambayo majahazi ya Lamu yaliijua kabla ya Marekani kuwa dola. Mzee akaniuliza tena barazani: waliobaki ni wangapi?

Nikamwambia 15. Watatu kati yao walikuwa wamekwisha kuruhusiwa kutoka, wakingoja bandari.