Kijibwa Anapobadilisha Meno

Malalamiko ninayoyasikia zaidi kwa vijibwa wa miezi minne au mitano ni yaleyale: anatafuna viatu, anang'ata watoto vidole, kiti kimebaki na miguu mitatu. Mwenye mbwa anataka nikubaliane naye kwamba mbwa wake ni mtundu. Nikimfunua mdomo, mara nyingi sababu iko wazi: ufizi wa mbele ni mwekundu, umevimba, na jino jipya linachungulia kwenye pengo.

Meno ya utotoni ni 28, na kufikia wiki ya 8 huwa yameshatoka yote. Ya ukubwani ni 42, yaani 20 juu na 22 chini. Mabadilishano huanza kwenye miezi mitatu hadi minne kwa meno ya mbele, kisha hufuata chonge na magego, na kwenye mwezi wa 7 kazi huwa imekwisha. Jino jipya linapokua, mzizi wa lile la zamani huyeyuka kidogokidogo hadi linabaki kipande chepesi tu, ambacho mbwa hukidondosha au kukimeza pamoja na chakula. Ndiyo maana wengi hawaoni hata jino moja sakafuni. Tone la damu kwenye kitu anachotafuna lisikutie hofu.

Kutafuna kunampa nafuu, kwa hiyo usimkataze. Mpe cha kutafuna. Ninachokipenda mimi hakina gharama: loweka kitambaa kizito, kisokote, kiweke kwenye friza, umpe kikiwa bado cha baridi. Kaa naye, na nyuzi zikianza kuchomoka kichukue, maana nyuzi zikimezwa zinaweza kuziba utumbo. Kama ni kitu cha mpira, kibonyeze kwa ukucha wa kidole gumba. Ukucha usipoacha alama, ni kigumu mno kwa meno yake. Mifupa, pembe, kwato na vipande vya barafu vyote vinafeli jaribio hilo. Najua utaniambia mbwa wamekula mifupa tangu enzi. Ndiyo, na meno yao yamevunjika tangu enzi.

Akikataa chakula kikavu kwa kuwa fizi zinauma, kilainishe kwa maji ya uvuguvugu. Dawa za maumivu za binadamu usimpe kabisa, iwe parasetamoli au ibuprofeni, zinaweza kumuua. Hata jeli za kupaka fizi za watoto wachanga ziache, kwani baadhi zina benzokaini, dawa ya ganzi, na hiyo huweza kuifanya damu ya mbwa ishindwe kubeba oksijeni.

Akikung'ata mkono, usimpige mdomoni. Simamisha mchezo, mgeuzie mgongo kidogo, halafu mpe kitu chake.

Sasa nije kwenye jambo linalonisumbua zaidi: meno yanasingiziwa. Kuhara, kutapika, homa, kulala kutwa nzima bila kugusa chakula, yote hayo nimesikia yakiitwa "ni meno tu". Si meno. Umri huu ndio ambao kinga aliyopewa na mama yake imepungua, na kama chanjo hazijakamilika, virusi vya parvo, vinavyoshambulia utumbo, humpata kirahisi. Kijibwa anayetapika na kuhara apelekwe kwa daktari wa wanyama siku hiyohiyo.

Mara moja kwa wiki, inua mdomo wake pembeni utazame chonge. Ukiona mbili zimesimama sehemu moja, ile nyembamba yenye ncha kama sindano ni ya utotoni na imegoma kutoka. Huwatokea sana mbwa wa maumbo madogo, kama Chihuahua na Yorkshire Terrier. Juu, chonge mpya huota mbele ya ile ya zamani. Chini huota kwa ndani, upande wa ulimi, na huko inaweza kuchoma kaakaa kila mbwa anapofunga mdomo. Usijaribu kuing'oa kwa koleo. Mzizi wake ni mrefu na huvunjikia ndani. Hiyo ni kazi ya daktari, mbwa akiwa amelazwa kwa dawa ya usingizi. Wengine husubiri siku ya kumhasi ili yote yafanyike pamoja. Kwa chonge ya chini inayochoma, mimi sisubiri.

Jino la utotoni lililovunjika nalo lisiachwe ati litang'oka lenyewe. Tundu lake hupitisha vijidudu hadi kwenye jino la ukubwani linalojengeka chini yake.

Mswaki weka kando kwa sasa. Zungushia kidole kitambaa laini chenye maji umpapase fizi ili azoee kushikwa mdomo, na dawa ya meno ya watu usiitumie hata baadaye: nyingine zina ksilitoli, kitu cha kutia utamu badala ya sukari, ambayo ni sumu kwa mbwa.