Maji ya Dar es Salaam hayakuuzwa

Nimeulizwa tena, safari hii kwenye semina ya maofisa ununuzi wenyewe, kuhusu "ule wakati DAWASA, mamlaka ya maji ya Dar es Salaam, ilipouzwa". Jamani! Mkataba wa 2003 wa City Water, kampuni binafsi iliyopewa kuendesha huduma ya maji ya jiji, ulikuwa wa ukodishaji, miaka 10. Mabomba na mitambo ilibaki ya DAWASA. Mwendeshaji alituma bili, akakusanya, akabaki na fungu lake. Lililobaki alitakiwa kulipeleka kwa mwenye mali. Anayekukusanyia kodi hajanunua nyumba yako.

Hatua za zabuni, yaani tangazo, mchujo wa awali, tathmini, tuzo: hizo mnazijua, napita. Kinachonichosha ni imani kwamba hatua zikifuatwa, basi ushindani umepatikana. Sheria inafungua mlango tu, haimsukumi mtu kuingia. Kwenye zabuni hii ya Dar es Salaam, wengine waliopita mchujo hawakuleta zabuni, ikabaki moja, ya Biwater ya Uingereza na mwenzake Gauff wa Ujerumani, walioanzisha City Water. Zabuni ikiwa moja, "bei ya chini" ni ya chini kuliko nini?

Ndiyo maana mimi huanzia kwenye jedwali la mapato. Mzabuni anadhani bili ngapi zitalipwa mwaka wa kwanza? Maji kiasi gani yatapotea njiani? Akiahidi makusanyo yanayozidi ya kwako ya leo, mwambie akuonyeshe atayapataje, maana yasipopatikana atarudi kuomba mkataba ujadiliwe upya. City Water iliomba hivyo, mazungumzo hayakuzaa makubaliano. Mei 2005 mkataba ukavunjwa.

Kuhusu kesi ambayo Biwater na Gauff waliifungua ICSID, kituo cha kimataifa cha kusuluhisha migogoro ya uwekezaji, kila mtu husoma nusu anayoipenda. Mwaka 2008 wasuluhishi walisema Tanzania ilikiuka mkataba wa uwekezaji na Uingereza, ila haikuamriwa kulipa fidia, kwa kuwa kampuni haikuwa na thamani tena. Someni zote mbili, tafadhali.

Je, ile zabuni moja ingekataliwa? Kwenye karatasi ni rahisi: futa, tangaza upya. Lakini mkopo wa kukarabati mtandao ulishafungamanishwa na kumpata mwendeshaji binafsi, na waliojitoa hawakuwa na sababu ya kurudi. Sina hakika ningeshauri nini.

Na hata bei ingestahili kuangaliwa upya, mwamuzi asiyeegemea upande alikuwa nani? EWURA, mamlaka ya udhibiti wa huduma za nishati na maji, ilitungiwa sheria 2001, ikaanza kazi 2006. City Water ilikuwa imeshaondolewa.