Slabu ya mita 10 kwa 8: mifuko mingapi ya saruji?

Slabu ya mita 10 kwa 8, unene sentimita 15, inameza mita 12 za ujazo za zege. Kosa ninaloliona sana ni kuagiza mchanga na kokoto hadi jumla ifike mita 12, basi. Zikichanganywa, saruji hujificha katikati ya chembe za mchanga, mchanga ukajaza nafasi za kokoto, na lundo likasinyaa. Vitu vinaisha slabu ikiwa nusu, na ule mpaka wa zege la leo na la kesho ndipo maji ya mvua yatakapopenyea.

Kwa hiyo zidisha kwa 1.54: unapata mita 18.5 za vitu vikavu. Kwa slabu na nguzo natumia 1:1.5:3, yaani saruji sehemu 1, mchanga 1.5, kokoto 3; jumla ni 5.5, kwa hiyo gawanya kwa 5.5. Saruji ni mita 3.36, na kwa kuwa mita moja ya ujazo ya saruji ina uzito wa kilo 1,440 hivi, ni mifuko 97 ya kilo 50. Ongeza asilimia 5 ya upotevu, nunua 102. Mchanga mita 5.3, kokoto 10.6, upotevu huo ukiwemo. Lori lipimwe bodi kabla halijamwaga. "Tripu" si kipimo.

Mfuko mmoja una ujazo wa lita 35, yaani ndoo moja na robo tatu za lita 20. Kila mfuko uende na ndoo 2.6 za mchanga na 5¼ za kokoto, zikikatwa usawa wa mdomo kwa ubao. Toroli la kulundika halifai kabisa: kila kibarua ana mlundiko wake.

Mchanga wenye unyevu nao hudanganya, maana huvimba. Jaza ndoo, pima kina, kisha mimina maji huku ukikoroga hadi uzame. Ukishuka kutoka sentimita 30 hadi 25, umevimba kwa asilimia 20, basi zile ndoo 2.6 ziwe 3.1.

Maji ni lita 25 kwa mfuko, na yapungue mchanga ukiwa umelowa. Fundi akitaka zege "litiririke", mkatalie: maji ya ziada yakikauka huacha vitundu, na nguvu ya zege inashuka. Lishindiliwe kwa vaibreta (mashine ya kulitikisa), kisha limwagiliwe siku 7.