Kusoma fasihi ya Kiingereza kaskazini, na Kiamu chako kinywani

Juzi mwanafunzi wangu wa zamani alinifuata barazani, hapa Langoni, mjini Lamu, na barua ya kukubaliwa chuo. Hakuwa na furaha. Alitaka London, amepata chuo kidogo kaskazini mwa Uingereza, kusomea fasihi ya Kiingereza. "Mwalimu, si ni kama kupelekwa shamba?" Nilimwambia aende, tena aende kifua mbele. Nami nilisoma huko huko kaskazini.

Chuo kidogo maana yake ni watu wanane kwenye meza moja. Hakuna pa kujificha. Unalisoma shairi kwa sauti, mwalimu anakuuliza kwa nini mshairi ametumia neno hili na si lile, na jibu la "ni zuri" halipokelewi. Baridi utaizoea. Giza ndilo zito: mwezi wa Desemba, magharibi huingia kabla ya saa kumi.

Kilichonifungua macho lakini kilikuwa dukani. Mama aliyeniuzia mkate alimtaja mtoto kwa neno *bairn*, ambalo sikuwahi kulisikia shuleni. Wiki chache baadaye darasani tukafika kwa Cædmon, mshairi wa Kiingereza cha kale. Bede, mtawa wa kaskazini aliyemaliza historia yake ya Kanisa la Waingereza mwaka 731, anasimulia kwamba Cædmon alikuwa mchunga mifugo wa nyumba ya watawa ya Whitby, enzi za Hild, mama mkuu wa nyumba hiyo. Karamuni, kinubi kilipozungushwa ili kila mtu aimbe, yeye aliinuka akaondoka kwa aibu. Usiku akaota anaambiwa aimbe habari za uumbaji, akaimba. Utungo wenyewe una mistari 9 tu, na nakala zake kongwe kabisa ziko katika lahaja ya kaskazini. Humo mna maneno *aelda barnum*, kwa watoto wa wanadamu. Nikamkumbuka yule mama wa mkate. Zaidi ya miaka 1,200 imepita, na neno halijahama kwao.

Sisi Waamu jambo hili tunalo nyumbani. Katika shairi la Al-Inkishafi, Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir anayalilia majumba ya mji wa Pate yaliyogeuka magofu: ndani ya madaka, vile vishubaka vya ukutani vilivyopambwa kwa sahani, sasa wanalala makinda ya ndege, na bundi anakoroma ndani ya nyumba. Mwanafunzi wa bara atahitaji kufafanuliwa *nyuni*, *bumu* na *zisahani*. Mtoto wa Mkomani, hapa hapa Lamu, kayasikia kwa bibi yake. Nasikitika kila ninapoona vijana wetu wakikificha Kiamu chao, Kiswahili cha Lamu, ili waonekane wasomi, kwani sikio lile lile ndilo litakalowasomea Cædmon.

Pana mahali pamoja, hata hivyo, ambapo sikio letu hupotea, nami nilipotea muhula mzima. Sisi tunahesabu mizani, yaani silabi. Utenzi una vipande vinne, kila kimoja mizani 8, vitatu vya mwanzo vina kina kimoja na cha nne kinabeba kina cha utenzi mzima. Nikaanza kumhesabu Cædmon kwa vidole: mstari mmoja silabi 10, mwingine 8. Nikadhani mnakili kakosea. Kumbe Kiingereza cha kale hakihesabu silabi, kinahesabu mikazo, yaani silabi zinazotamkwa kwa nguvu zaidi: minne kwa kila mstari, miwili kila nusu, na nusu hizo hufungwa pamoja kwa sauti ya mwanzo wa maneno yenye mkazo, si kwa vina vya mwisho. Mstari wa kwanza umefungwa kwa *h*. Na sisi mkazo hatuutafuti, kwa kuwa katika Kiswahili karibu kila neno huubeba kwenye silabi ya pili kutoka mwisho; tumezoea kuukuta umekaa pale pale. Kule inabidi uusake kwa mkono, ukigonga meza.

Basi tulijaribu pale pale barazani. Mimi nikamsoma Cædmon polepole, mwanafunzi wangu akagonga ubao wa mlango kila aliposikia mkazo. Mstari wa kwanza akagonga mara saba. Wa pili, mara tano. Wa tatu akagonga nne, akaniangalia, akaniomba niurudie.