Umri wa Miamba Hupimwaje: Ufafanuzi kwa Umma Kuhusu Hoja ya Dunia Changa

Taasisi yetu imekuwa ikipokea maswali, na mengine ni malalamiko, kutoka kwa walimu, viongozi wa makanisa na wazazi wanaohoji maelezo yanayosema kwamba tabaka fulani la Bonde la Olduvai lina umri wa miaka milioni 1.75, ilhali wao wamefundishwa kwamba dunia nzima haijafikisha miaka 10,000. Tunaamini kwamba wengi huuliza kwa nia njema. Mamlaka ya kufasiri Maandiko si yetu na hatuyadai. Wajibu wetu ni kueleza namba hizo hupatikanaje, na kama hoja zinazotolewa dhidi yake zina uzito.

Hoja inayotufikia mara nyingi kuliko zote ni kwamba kaboni-14, aina ya kaboni iliyomo katika viumbe na ambayo hupungua taratibu baada ya kufa kwao, haiwezi kupima mamilioni ya miaka. Hilo ni kweli kabisa, na ndiyo sababu hakuna maabara inayoitumia kwa kazi hiyo. Nusu-maisha ya kaboni-14, yaani muda wa nusu yake kugeuka kuwa kitu kingine, ni miaka 5,730, kwa hiyo baada ya miaka 50,000 hivi kiasi kinachobaki ni kidogo mno kupimika kwa uhakika. Tena kipimo hicho ni cha mkaa, mifupa, magamba na mabaki mengine ya viumbe, si cha jiwe la volkano. Tumelisahihisha jambo hili katika mihadhara na katika barua, na bado linarudiwa kana kwamba halijawahi kujibiwa. Tunaomba liachwe.

Majivu ya Olduvai yalipimwa kwa potasiamu na agoni. Sehemu ya potasiamu-40, yenye nusu-maisha ya miaka bilioni 1.25, hugeuka kuwa gesi ya agoni-40. Mwamba ukiwa umeyeyuka gesi hiyo hutoroka, na ukishaganda hunaswa ndani ya fuwele na kuanza kurundikana. Mwaka 1961, miaka miwili baada ya Mary Leakey kugundua fuvu la zamadamu aliyeitwa Zinjanthropus, Louis Leakey, Jack Evernden na Garniss Curtis walichapisha umri wa tabaka hilo kwa njia hiyo. Miamba ya kale zaidi, kama matale (graniti) ya Dodoma na Mwanza ambayo umri wake unazidi miaka bilioni 2.5, hupimwa kwa fuwele za madini yaitwayo zirkoni, ambazo hupokea urani zinapojijenga lakini huikataa metali ya risasi. Urani-238 hugeuka kuwa risasi kwa nusu-maisha ya miaka bilioni 4.47, na urani-235 kwa nusu-maisha ya miaka milioni 704. Ni saa mbili zenye mwendo tofauti ndani ya punje moja, na zinapotoa jibu moja ni vigumu kudai kwamba zote zimekosea kwa kiasi kilekile.

Hoja ya pili ina uzito zaidi: kwamba wataalamu hubadilisha namba zao. Mfano unaotajwa mara nyingi ni wa jirani zetu wa Kenya, kwenye tabaka la majivu liitwalo KBS huko Koobi Fora, mashariki mwa Ziwa Turkana. Vipimo vya awali vya Frank Fitch na Jack Miller vilitoa umri wa zaidi ya miaka milioni 200, na wenyewe wakatambua kwamba sampuli ilichanganyika na chembe za miamba ya kale zilizosombwa na maji. Walichagua fuwele safi zaidi na mwaka 1970 wakatangaza takriban miaka milioni 2.6. Namba hiyo ilikubaliwa na wengi, hasa baada ya fuvu maarufu la zamadamu, namba 1470, kupatikana chini ya tabaka hilo mwaka 1972. Lakini visukuku vya nguruwe havikukubaliana nayo. Meno ya nguruwe wa Koobi Fora yalifanana na ya nguruwe wa Bonde la Omo nchini Ethiopia waliotoka katika matabaka yenye umri wa karibu miaka milioni mbili. Maabara ya Curtis huko Berkeley ikapima upya na kupata umri mdogo zaidi, mabishano yakawa makali, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 Ian McDougall wa Australia, pamoja na wengine waliotumia njia tofauti kabisa ya kuhesabu nyufa zinazoachwa na urani ndani ya fuwele, wakafikia takriban miaka milioni 1.88. Anayeutumia mfano huu kuthibitisha dunia changa aueleze mpaka mwisho: kosa lilikuwa la miaka laki saba hivi, lilifichuliwa na wanasayansi wenyewe, na hakuna maabara hata moja katika mabishano hayo iliyopata maelfu ya miaka.

Vivyo hivyo kuhusu Mount St. Helens nchini Marekani. Steven Austin, mjiolojia anayetetea dunia changa, alipeleka maabara jiwe la volkano hiyo lililoganda mwaka 1986, akajibiwa kwamba lina miaka 350,000 hivi. Jiwe hilo lilikuwa na fuwele zilizojijenga kabla ya mlipuko zikiwa na agoni ya zamani, na njia iliyotumika haifai kwa mwamba wa juzi. Kwa vifaa vinavyostahili, majivu ya Vesuvius yaliyofunika Pompeii mwaka 79 yalipimwa na matokeo kuchapishwa mwaka 1997: miaka 1,925, kukiwa na uwezekano wa kupungua au kuzidi kwa miaka 94. Historia inasema 1,918.

Wapo wanaosema kwamba kasi ya mgeuko huo wa potasiamu na urani huenda ilikuwa kubwa zamani. Kikundi cha watafiti wa dunia changa kilichoitwa RATE kilihitimisha kazi yake mwaka 2005 kwa kukubali kwamba miamba inaonyesha mgeuko wa mamia ya mamilioni ya miaka kwa kasi ya leo. Wakapendekeza kwamba Mungu aliuharakisha, kisha wakakiri kwamba joto ambalo lingetokana na haraka hiyo ni tatizo wasilolitatua. Tunawaheshimu kwa kukiri hivyo, na tungependa wanaowanukuu wakinukuu kifungu hicho pia.

Wakristo wenyewe hawana msimamo mmoja. Mwaka wa 4004 kabla ya Kristo ni hesabu ya Askofu Mkuu James Ussher wa Ireland, iliyochapishwa mwaka 1650. Kitabu cha Mwanzo hakitaji mwaka wowote. Kanisa la Waadventista Wasabato limesisitiza uumbaji wa siku sita wa karibuni katika misingi yake ya imani iliyorekebishwa mwaka 2015, ilhali Papa Pius XII, mwaka 1951, aliyataja kwa kuyakubali matokeo ya vipimo vya mnururisho, yaani vya mgeuko kama huo, mbele ya wanasayansi.

Kwa wanaotaka mawe yapimwe, utaratibu ni huu. Sampuli itolewe kwenye mwamba ulioshikamana na ardhi, si jiwe lililookotwa njiani. Ganda la nje lililochakaa liondolewe. Mahali ilipotoka pasomwe kwa GPS na kuandikwa pamoja na tarehe, kina na jina la mchukuaji. Kila kipande kiwe na mfuko wake na lebo yake. Sampuli zinazopelekwa maabara za nje ya nchi ni lazima ziwe na kibali cha Tume ya Madini, hata kama ni kilo moja na hata kama anayesafiri nazo ni mwanafunzi. Asiye na kibali asitegemee kupita mpakani kwa maelezo ya mdomo.

Visukuku ni suala jingine. Kuvichimba bila leseni ni kosa chini ya Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, na nia njema ya mchimbaji, awe anataka kuthibitisha Gharika au mageuko ya viumbe, haifuti kosa hilo. Mfupa wa kale haupimwi wenyewe kwa potasiamu. Umri wake husomwa kutoka majivu yaliyo juu na chini yake. Ukiuona umejitokeza korongoni baada ya mvua, uache ulivyo, piga picha, andika mahali, na utoe taarifa kwa Idara ya Mambo ya Kale au ofisi ya kijiji, kwa sababu ukishatolewa katika tabaka lake hatuna tena namna ya uhakika ya kuujua umri wake.